Tiba ya Mazungumzo kwa Wanaotaka Kuacha Pombe na Dawa za Kulevya: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tunaulizwa na wanaokunywa, wanaovuta, wake zao, mama zao na dada zao. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini mwisho wa mazungumzo, mtu akiwa ameshasimama na mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Tumejibu kwa urefu pale panapohitaji urefu. Kama wewe ni mnywaji wa kila siku, anza na jibu la kuacha ghafla, kwa sababu linahusu uhai wako.

Hivi kweli maneno matupu yanaweza kumtoa mtu kwenye pombe au unga (heroini)?

Maneno matupu, hapana. Yangetosha, asingebaki mlevi hata mmoja, maana kila mlevi ameshaambiwa. Ameambiwa na mama yake, mke wake, shehe au padri wake, bosi wake, na mtoto wake wa darasa la tatu. Wengi wameshajisema wenyewe kwa ukali kuliko mtu yeyote, saa kumi na moja alfajiri, kinywa kikiwa kikavu na mfuko mtupu.

Tiba ya mwenendo ni kitu kingine. Watu wanakaa na kuzungumza, ni kweli, lakini kinachofanyika pale ni mazoezi. Mtu anajifunza kutambua ni saa ipi humshinda, kwa nini saa hiyo, na atafanya nini badala yake. Anakwenda kujaribu, anarudi, anaeleza yaliyotokea, anarekebisha. Hakuna aliyejua kushona kwa kuambiwa kwamba kushona ni kuzuri. Alikalishwa kwenye cherehani akaharibu vitambaa kadhaa kwanza.

Tunalisema mapema kwa sababu familia nyingi huamini kinachokosekana ni nia. Kwa watu wengi nia ipo. Wanachokosa ni ujuzi wa kuvuka saa moja au mbili za hatari kila siku, na shughuli, watu na mahali pa kuzijaza saa hizo.

Mimi nakunywa kila siku. Naweza kuacha leo hii, nyumbani, peke yangu?

Usifanye hivyo bila kumwona mhudumu wa afya kwanza. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku unaweza kupata mshtuko ikikatwa ghafla. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hupotea. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadhi ya watu, siku ya pili hadi ya nne, huanza kuweweseka: wanaona vitu visivyokuwepo, hawajui walipo, homa inapanda. Hali hiyo huua, na inahitaji hospitali mara moja. Dalili hizi zina dawa, na mnywaji wa muda mrefu hupewa pia vitamini B1 ili kuukinga ubongo.

Kama umewahi kuanguka degedege ulipojaribu kuacha, au ukiamka lazima upate kidogo ndipo mikono itulie, wewe ni wa kuachia chini ya uangalizi. Watu wanaotumia vidonge vya usingizi na vya wasiwasi kwa muda mrefu nao wasikate ghafla.

Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ukiukosa, ni tofauti. Inatesa vibaya, mifupa inauma, tumbo linaharisha, mtu anajikunja kama kamba. Kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya, ingawa kuharisha na kutapika kunaweza kumkausha maji mwilini. Hatari yake kubwa huja baadaye, na tutaieleza kwenye swali la kuteleza.

Nitajuaje kama kunywa kwangu kumefika mahali pa kutafuta msaada?

Lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10. Wakati wa kulitengeneza lilijaribiwa katika nchi 6, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwe na Marekani. Kwa hiyo wanywaji wa Afrika Mashariki walikuwamo tangu mwanzo. Alama zinakwenda 0 hadi 40. Ukifika 8, unywaji wako umeanza kuwa wa hatari. Ukifika 20, inafaa uchunguzwe kwa kina, maana huenda umeshakuwa mraibu.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu. Kipimo kimoja katika dodoso hilo ni gramu 10 za kilevi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi, yaani chupa moja ni vipimo viwili. Anayesema “mimi nakunywa tatu tu” amekunywa vipimo sita. Gongo na chang'aa hazihesabiki kabisa, kwa sababu ukali wake hubadilika kutoka pipa hadi pipa, na nyingine huwa na methanoli inayopofua na kuua.

Bila dodoso, jiulize mambo matatu. Umewahi kupanga kunywa kidogo ukashindwa mara kwa mara? Kuna mtu umemficha? Kuna kitu ulichokipenda ambacho umeacha kukifanya? Maswali hayo yanafaa pia kwa bangi, mirungi na unga.

Kaka yangu hataki kuacha. Kuna maana gani kumpeleka kwa mshauri?

Ipo, na hapa ndipo mambo yamebadilika sana katika miaka 40 iliyopita. Zamani iliaminika kwamba mlevi anakataa ukweli, kwa hiyo lazima abanwe, aoneshwe aibu yake, avunjwe ndipo ajengwe. Mwanasaikolojia William Miller alianza kuandika juu ya njia tofauti mwaka 1983, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliopima jambo hilo waziwazi: kadiri mshauri alivyombana mteja kwa ukali, ndivyo mteja alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Njia hiyo tunaiita mazungumzo ya kuamsha nia. Msingi wake ni kwamba karibu kila anayekunywa ana mioyo miwili. Mmoja unataka kuendelea, mwingine umechoka. Wewe ukisimama upande wa kuacha na kuanza kuhubiri, yeye atabaki na upande mmoja tu wa kuutetea, na atautetea kwa nguvu zote. Mshauri mzuri huuliza, hunyamaza, husikiliza, mpaka ule moyo uliochoka upate sauti yake wenyewe.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wa idara ya dharura walifundishwa mazungumzo mafupi ya namna hii kwa majeruhi wanaokunywa. Mpango huo unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Chukua mfano wa mzee aliyeanguka na pikipiki, akakutana na muuguzi wa umri wa binti yake. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo baba. Ukiniruhusu, ningependa tuzungumze kidogo kuhusu pombe.”

“Marahaba. Haya, nihubirie.”

“Sihubiri, baba. Nataka nikusikilize. Mbege inakufaa nini?”

“Mbege ni ya kwetu, mwanangu. Watu tunakaa, tunaongea. Nikibaki nyumbani naongea na nani?”

“Kumbe unawafuata watu. Na upande wa pili, kuna kitu hukipendi?”

Mzee ananyamaza. “Hii ni mara ya pili naanguka. Mjukuu wangu nilimpakia nyuma.”

“Mjukuu wako ulimpakia nyuma.”

“Hakuumia. Lakini nikilala naiona ile.”

Muuguzi hajamwambia lolote jipya. Amerudia maneno ya mzee mwenyewe na kumwachia nafasi. Baadaye atamuuliza, “Kutoka 0 hadi 10, kubadilika kuna umuhimu gani kwako?” Mzee akisema 4, asimuulize kwa nini si 10. Amuulize kwa nini hakusema 1. Swali la kwanza litamfanya mzee ataje visingizio. La pili litamfanya ataje sababu zake za kubadilika, na mtu huamini zaidi yale aliyoyasikia yakitoka kinywani mwake.

Kwa hiyo, usisubiri kaka yako “afike chini kabisa”. Wapo wanaofika chini kabisa wasirudi.

Na huko kubadili fikra na mwenendo hufanyika vipi hasa?

Tuchukue mfano wa saidia fundi. Analipwa Jumamosi saa kumi jioni, taslimu. Hajala tangu asubuhi. Njia ya kwenda nyumbani inapita kilabuni. Jumatatu asubuhi hana kitu, na mke wake hasemi naye. Ukimuuliza kilichotokea atasema, “Nilijikuta nimeshalewa.”

Kazi ya mshauri ni kulifungua hilo neno *nilijikuta*. Wanalirudisha nyuma hatua kwa hatua, kama anayetafuta mahali shati lilipochanika. Kabla ya chupa ya kwanza ulikuwa wapi? Na nani? Mwili ulikuwaje? Kichwani kulikuwa na maneno gani? Polepole mnyororo unaonekana. Pesa mkononi. Njaa. Uchovu. Jamaa aliyesema “pitia tu, usalimie watu”. Halafu wazo: *nimefanya kazi wiki nzima kama punda, na mimi nastahili raha.* Wazo lenyewe si la uongo. Anastahili raha kweli. Lakini likija kwenye njaa na uchovu, mbele ya mlango wa kilabu, lina jibu moja tu.

Mnyororo ukishaonekana, hukatwa mahali pepesi kukatika, na mara nyingi si pale mwishoni kwenye chupa. Malipo yaingie kwenye simu, na sehemu yake iende moja kwa moja kwa mke au kwenye kikoba. Ale kabla ya kuondoka kazini, hata kama ni chapati na chai. Apite njia ya shuleni. Awe na miadi saa kumi na moja, ya kweli, na mtu wa kweli: mpira, mazoezi ya kwaya, kumfuata mtoto madrasa. Njaa, hasira, upweke na uchovu ni vichocheo vinne vinavyorudi karibu kwa kila mtu, tena viwili kati yake vinatibiwa kwa sahani ya ubwabwa na kitanda.

Pia kuna vile viamuzi vidogo vinavyoonekana havina maana. “Napita tu kumrudishia jamaa chaja yake.” Jamaa anakaa nyuma ya baa. Mtu hajadanganya, ila miguu yake imeshaamua kabla ya kichwa. Kujifunza kuviona viamuzi hivi mapema kumewaokoa wengi kuliko kukaza meno.

Halafu kuna kukataa. Kwenye jamii zetu kukataa unachopewa ni kama kumkataa aliyekupa, kwa hiyo “hapana” inahitaji kufanyiwa mazoezi kwa sauti, mshauri akiwa rafiki mkorofi: “Acha hizo, kaka, moja tu, au shemeji ndiye anakutawala siku hizi?” Mteja anajaribu jibu, linasikika dhaifu, anajaribu tena. Jibu fupi hushinda refu. Anayeeleza sababu nyingi anawapa wenzake cha kubishania.

Na ipo hamu yenyewe. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Seattle aliyeandika sana juu ya kuzuia kurudia, aliifananisha na wimbi ambalo mtu hulipanda hadi lishuke. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili, wanajua maji yakijaa yatapwa. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitii. Anayeamini itaendelea kupanda mpaka imuue atakimbilia chupa dakika ya kumi. Aliyeshuhudia ikishuka mara tatu anaanza kujiamini. Ndiyo maana tunamwambia mtu aandike saa ilipoanza na saa ilipoisha.

Mambo haya yamefanyiwa kazi Afrika, au ni ya huko Ulaya na Marekani?

Yamefanyiwa kazi hapa hapa. Eldoret, magharibi mwa Kenya, tiba ya fikra na mwenendo ilitolewa kwa vikundi, kwa Kiswahili, kwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakinywa. Vikao vilikuwa 6, kimoja kila wiki, cha dakika 90. Walioviongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali watu waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa vizuri. Utafiti mkubwa wa watu 614, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kwamba waliopata tiba hiyo walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopata elimu ya kawaida ya afya.

Goa, India, washauri wa ngazi ya jamii walitumia vikao visivyozidi 4 na wanaume 377 waliokunywa kwa kiwango cha hatari. Baada ya miezi 3, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wameondoka kwenye hatari, dhidi ya asilimia 26 ya wasioupata. Tofauti hiyo si muujiza, na hatutaki kuuza muujiza. Lakini imepatikana bila kitanda cha hospitali wala mtaalamu adimu, kwa hiyo hata zahanati inaweza kuianza.

Nimesikia kuna mahali mtu anapewa zawadi akipima mkojo ukiwa safi. Si rushwa hiyo?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na tunaielewa hasira hiyo. Mama mmoja anaweza kusema: “Wanangu wengine hawajawahi kuvuta chochote, mbona hawapewi zawadi?”

Rushwa hutolewa ili mtu atende ubaya au ili mwingine anufaike. Hapa tuzo hutolewa ili ubongo uliozoea malipo ya haraka upate malipo mengine ya haraka. Faida za kuacha kokeini huja polepole: afya baada ya miezi, imani ya familia baada ya mwaka. Raha ya dawa huja kwa sekunde. Kwenye mashindano hayo mtu anahitaji kitu cha leo.

Stephen Higgins na wenzake, Vermont, Marekani, waliwapa watumiaji wa kokeini vocha kila mkojo ulipokuwa safi. Vocha ilianza dola 2.50 na kupanda kila mara, na mtu akiteleza ilirudi mwanzo. Nancy Petry, wa Connecticut, alipunguza gharama kwa kutumia bakuli la vikaratasi 500. Nusu yake vilikuwa na pongezi tu, vingine vilikuwa na zawadi ndogondogo, na kimoja tu kilikuwa na zawadi kubwa. Njia hii ndiyo yenye ushahidi wenye nguvu zaidi kwa dawa za kuchangamsha kama kokeini, ambazo hadi sasa hazina kidonge kilichoidhinishwa kutibu uraibu wake. Idara inayohudumia maveterani wa jeshi la Marekani iliianzisha katika hospitali zake mwaka 2011.

Familia inaweza kuazima wazo hili kwa uangalifu. Badala ya pesa taslimu, jambo lenye thamani litolewe siku ile ile: chakula anachokipenda, safari ya kwenda uwanjani, kukabidhiwa tena ufunguo wa duka. Ahadi ya mwezi ujao haina nguvu.

Ipi ni bora kati ya hizi zote?

Marekani waliwahi kutumia fedha nyingi kulijibu swali hili kwa pombe. Utafiti ulioitwa Project MATCH ulikuwa na wagonjwa 1,726 na ulilinganisha tiba tatu: ya fikra na mwenendo, ya kuamsha nia, na ya kumwongoza mtu kwenye hatua 12, yaani vikundi vya wanywaji wanaosaidiana kuacha. Matokeo ya mwaka 1997 yalionesha kwamba wagonjwa wa makundi yote walipunguza sana kunywa, na tofauti kati ya tiba ilikuwa ndogo. Ajabu ni kwamba ile ya kuamsha nia ilikuwa na vikao 4 tu, nyingine 12.

Kwa maoni yetu, mtu anayekusikiliza bila kukudharau, na unayeweza kumfikia wiki ijayo tena, ni bora kuliko tiba yenye jina kubwa iliyo mbali.

Mume wangu anakunywa na hataki kusikia. Nimeshalia, nimeshafunga mlango, nimeshamwita baba mkwe. Nimebakiwa na nini?

Umebakiwa na mengi, na mengine hujawahi kuambiwa. Robert Meyers alitengeneza mafunzo maalumu kwa ajili ya ndugu wa anayekataa tiba. Mwaka 1999 yalilinganishwa na njia nyingine mbili. Walipofundishwa ndugu kwa njia yake, asilimia 64 ya wanywaji waliokuwa wamekataa waliingia kwenye tiba. Kikao cha kumkusanyikia na kumkabili kilifikisha asilimia 30. Ndugu walioelekezwa kwenye vikundi vya kujifariji tu walifikisha asilimia 13.

Wanafundishwa nini? Kwanza, usalama wako. Kama anakupiga, hilo linatangulia mengine yote. Panga pa kwenda, pochi iwe tayari, vyeti vya watoto viwe kwa mtu unayemwamini. Hakuna mbinu ya mazungumzo inayomdai mwanamke avumilie kipigo.

Pili, muda. Usimseme akiwa amelewa. Hataikumbuka kesho, na wewe utalala na maumivu. Ngoja asubuhi aliyoamka salama, ametulia.

Tatu, na hili ndilo gumu: akirudi mzima, nyumba ifurahi. Wake wengi, kwa haki kabisa, hutumia jioni ya kwanza ya mume mzima kumtolea madeni yote ya wiki. Yeye anajifunza kwamba kurudi mzima kunaleta kesi. Jioni hiyo mwandalie samaki, kaeni barazani, watoto wawepo. Mwambie waziwazi: “Baba Asha, leo nimefurahi kukaa na wewe hivi.” Kesi zina siku yake.

Nne, acha kumsafishia. Asipoamka kwenda kazini, usimpigie bosi kusema ana malaria. Akitapika, asifute mwingine. Huu si ukatili. Matokeo ya pombe yakimfikia mtoto na mke peke yao, mnywaji hana habari nayo.

Tano, wewe mwenyewe uishi. Rudi kwenye kikoba, nenda kwenye shughuli za watu, mtembelee dada yako. Na uwe na jina la mshauri na siku anayopatikana, kwa sababu dirisha la “nimechoka na hii hali” hufunguka ghafla na hufungwa kabla ya jua kuchwa.

Ameteleza baada ya miezi mitatu. Kazi yote imepotea?

Hapana. Miezi mitatu aliyoishi bila dawa ameishi, na aliyojifunza anayo. Hatari kubwa ni wazo linalofuata tone la kwanza: *nimeshaharibu, bora nimalizie.* Wazo hilo hugeuza kosa la saa moja kuwa miezi minane. Kwa hiyo tunaandaa kuteleza mapema, kama watu wanavyokuwa na ndoo ya mchanga kabla ya moto: nani atapigiwa simu, mtu ataondoka wapi, kikao kinachofuata ni lini. Halafu mnyororo unafunguliwa tena, bila kesi, kuona kilichokosekana.

Kwa unga kuna onyo la uhai. Mwili uliokaa safi, iwe nyumba ya upataji nafuu au gerezani, haustahimili tena kiasi cha zamani. Wengi hufa kwa kurudi na kipimo kile kile. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida, midomo inageuka rangi, muite mhudumu wa dharura na umlaze kwa ubavu. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, humwamsha ikipatikana kwa wakati.

Methadoni, ile dawa wanayopewa waraibu wa unga, si kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine?

Tunalisikia mitaani kila siku, na limewarudisha watu vijiweni. Anayetumia unga anaamka na arosto, anatafuta pesa kwa njia yoyote, anajidunga, saa chache baadaye anaanza upya. Anayekunywa methadoni chini ya usimamizi mara moja kwa siku hana arosto na halewi akiwa kwenye kipimo chake. Ana siku nzima mbele yake. Ndipo mazungumzo yanapopata nafasi, maana huwezi kumfundisha ujuzi mtu ambaye mifupa inamvunjika.

Tanzania ilianza huduma hii Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na Unguja ikaipata katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Ushauri nasaha ni sehemu ya huduma. Kwa pombe pia kuna dawa zinazopunguza hamu, kama naltreksoni, na hufanya kazi vizuri zikiambatana na vikao.

Maombi, dua na kiapo je?

Imani imewatoa watu wengi, na hatumtengi mtu na Mungu wake. Vikundi vya hatua 12, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, vina roho ya kiimani ndani yake. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba kumwongoza mtu kwenye vikundi hivyo kunamsaidia kubaki bila pombe sawa na tiba nyingine, na pengine zaidi.

Tazama Ramadhani. Wapo wanaokunywa miezi kumi na mmoja na kuacha mwezi mzima bila kelele, kisha wanaanguka Idi Mosi. Watu huwacheka. Sisi tunawauliza: mwezi ule ulikuwa na nini? Saa za kula zilibadilika, jioni ilikuwa na futari na watu, usiku ulikuwa na tarawehe, rafiki wa kilabuni naye hakuwepo kilabuni. Maisha yote yalimshika mkono. Kazi ya tiba ni kujenga jioni za namna hiyo kwa mwezi wa Shawwal na inayofuata. Wakristo wanaoacha kwa Kwaresima tunawauliza swali lile lile.

Kumfunga mtu minyororo, kumchapa au kumnyima chakula ili “pepo limtoke” si tiba, wala si dini. Nyumba yoyote inayofanya hivyo, mtoe ndugu yako.

Lazima niache kabisa, au naweza kupunguza?

Kwa mnywaji wa hatari ambaye hajawa mraibu, kupunguza ni lengo halali: siku zisizo na pombe, kiasi kilichoandikwa, chakula kwanza. Kwa mraibu, kwa mjamzito, mwenye ini bovu au aliyewahi kuanguka degedege, kuacha kabisa ndiko salama. Kama umejaribu kupunguza kwa moyo wote miezi mitatu na kila mara unaishia pale pale, umeshapata jibu lako.

Inachukua muda gani, na nimwone nani?

Vikao vya mwanzo huwa 4 hadi 12, kimoja kwa wiki, kisha vya kufuatilia. Mwaka wa kwanza ndio mgumu. Nyumba za upataji nafuu huchukua miezi kadhaa na nyingi hulipiwa na familia. Kabla ya kulipa, uliza nani anatoa ushauri, daktari yupo siku gani, na mtu akitoka anafuatiliwaje. Wasipojibu swali la mwisho, endelea kutafuta.

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha afya ya akili au ustawi wa jamii. Kenya, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Naogopa kuonekana naingia kwenye kliniki ya walevi. Nifanyeje?

Nenda hospitali ya kawaida, foleni ya kawaida, ukapime presha. Anayekunywa sana ana sababu ya kweli ya kuipima. Mkishabaki wawili na daktari, mlango umefungwa, mwambie: “Nataka kuzungumza kuhusu pombe.” Kama ni unga, sema unga. Maadili ya kazi yake yanamtaka atunze siri yako. Sentensi hiyo moja inatosha kuanzia. Mengine atauliza yeye.